Koti Lililopanda Bembea

Mimi ni mtu wa kupumzika, na sioni aibu kusema hivyo. Nimeshona nguo tangu nikiwa msichana mpaka vidole vikapinda, lakini kila mwezi, Jumamosi moja, cherehani yangu ilifunikwa shuka na mimi nikatoka. Kwenda wapi? Kutembea. Kufanya nini huko? Hakuna. Hilo "hakuna" liliwakera watu wa Kawetele kuliko kama ningewaambia nakwenda kuiba.

Kwetu Rungwe, enzi hizo, mwanamke alikuwa na safari tatu za halali: shambani, sokoni na msibani. Ukitaka kupumzika, unasubiri mtu afe. Sifanyi mzaha. Msibani ndiko tulikokaa mchana kutwa tumenyoosha miguu juu ya majani ya migomba, tukala ndizi zilizopikwa na wengine, tukapata habari zote za kuanzia Masukulu hadi Kiwira, tukarudi nyumbani macho yamevimba na moyo umechangamka. Aliyeniharibu, kama walivyosema wao, ni nesi mmoja aliyehamishiwa wilayani kwetu kutoka Tanga. Alikuja kwenye kibaraza nilichokuwa nashonea, pale Tukuyu mjini, nimpunguzie sare kiunoni. Siku ya kuichukua akaniuliza siku yangu ya mapumziko ni ipi. Nikamwambia Jumapili nakwenda kanisani. Akasema kanisani ni kanisani, yeye ameuliza mapumziko.

Nilikasirika, na bado nikakubali kutoka naye. Mwezi uliofuata tukaenda naye Masoko, tukakaa ukingoni mwa ziwa tukila mahindi ya kuchemsha na kurusha vijiwe majini kama watoto wa shule. Mwezi mwingine tukaenda Daraja la Mungu, tukalala kifudifudi juu ya jiwe tukautazama mto ukipita chini yetu. Jumatatu yake nilishona magauni mawili kabla ya saa sita, na mshono haukupinda hata mahali pamoja. Tangu hapo sikumwomba mtu ruhusa tena, zaidi ya mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu Masukulu na alirudi Ijumaa jioni amechoka kiasi kwamba angekubali chochote.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ambayo tuliyazoea yakiwa na sabuni ya mche na hadithi sasa yalikuwa na vitambaa hadi darini. Kisha ikaja mitumba, na mafundi wenzangu pale kibarazani wakaanza kulia kwamba kazi imekufa. Mimi sikulia. Niliinunua, nikaifumua, nikaishona upya. Suruali moja ya Mzungu mwenye tumbo ilinipa suruali ya mwalimu na kaptura ya mtoto wake. Watu walipanda gari kutoka Kiwira kunifuata mimi, wakiwapita mafundi watatu njiani. Nasema hivi si kwa kujisifu sana, ingawa najisifu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenishinda, na mtu huyo alikuwa akiishi hatua hamsini kutoka mlangoni kwangu. Baba mkwe.

Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mke haonani na baba wa mumewe. Hawajagombana; ni heshima. Wapo waliokwisha kuilegeza wakati huo, na nilisikia kuna wakwe wa mjini wanaokula meza moja, lakini nyumbani kwetu palikuwa pa watu wa zamani. Baba mkwe alipokuwa anakuja njiani alikohoa, kikohozi kikavu, mara mbili. Mimi niliacha njia, nikaingia migombani, nikajitanda khanga na kugeuka nikaipa njia mgongo mpaka apite. Kanisani yeye alikwenda ibada ya kwanza, mimi ya pili. Miaka kumi na mmoja nilikaa nyumbani pale na nilimjua kwa kikohozi, kwa mlio wa fimbo yake na kwa harufu ya tumbaku aliyoiacha nyuma. Uso wake sikuujua. Hata mgongo wake sikuujua.

Lakini nguo zake nilishona mimi. Ingekuwaje fundi awe ndani ya nyumba na mzee avae nguo za nje? Mama mkwe ndiye aliyekuwa jicho langu. Hakuamini futi kamba, alisema zile namba zinamchanganya, hivyo alikata ukamba mkavu wa mgomba akaenda kumpima nao mumewe na kufunga mafundo: fundo la mkono, fundo la kifua, fundo la bega. Mzee hakupenda kushikwashikwa, akawa anasimama kidogo tu kisha anaondoka. Nikamwambia mama, kwa ujanja wangu, asimsumbue. Apime upande wa kulia peke yake, kuanzia uti wa mgongo hadi ncha ya bega, mimi nitazidisha mara mbili. Niliona nimegundua jambo la maana sana. Kwa mashati, ambayo ni mapana na hayana neno, njia hiyo haikunisaliti.

Likaja koti. Nilikuwa nimepata kitambaa cha sufu ya kijivu, kizito, cha dukani kabisa, na nikaapa kwamba Pasaka ile baba mkwe ataingia kanisani amevaa koti ambalo hata mkuu wa wilaya hana. Nililishona kwa wiki tatu. Bitana nilitia ya hariri. Vifungo nilivikagua kimoja kimoja kama anayechagua mbegu. Siku ya Pasaka nilikaa jikoni nikisubiri habari.

Habari zilikuja kwa vipande. Mama mkwe alisema mzee ameshukuru. Mume wangu alisema ni zuri, halafu nilipombana akasema linavuta kidogo. Linavuta wapi? Hakujua. Baba yake yukoje mabegani? Yuko kawaida, ni mtu kama watu. Mafundi wenzangu, waliosali ibada ya kwanza, ndio walionipa ukweli Jumatatu asubuhi, na waliutoa kwa furaha. Walisema koti limesimama upande kama nyumba iliyoezekwa na mlevi. Wakaniuliza kama mzee ameliazima.

Na Jumapili iliyofuata mzee akavaa koti lake la zamani, lile lililotoboka viwiko. Na nyingine tena. Na nyingine.

Sijui kama asiye fundi atanielewa. Nilikuwa nimevisha wilaya nzima, halafu mtu wa nyumbani kwangu, mzee wa kanisa, anaonekana mbele za watu na viwiko nje. Nilifanya kila nililoweza. Niliomba koti, nikapunguza kwapa, halikukaa. Nikahamisha kola, halikukaa. Mara mbili nilimtuma mama na kamba, na mara mbili kamba ilirudi na mafundo yaleyale, upande wa kulia, sawasawa kabisa. Nilipiga hesabu zangu mpaka nikachukia koti lenyewe. Dawa ilikuwa moja: kumtazama kwa dakika mbili. Na hiyo ndiyo niliyokatazwa.

Basi mwezi wa saba mwaka huo nesi akaja na habari kwamba Kiwira kumefika bembea. Fundi mmoja wa kuchomelea, aliyeacha ajira akaamua kujitegemea kama wengi wakati ule, alikuwa ametengeneza bembea ya kuzunguka: nguzo katikati, duara kubwa la chuma, na viti vya mbao vimefuatana pande zote, kila kimoja na mnyororo wa kujifungia. Vijana wanne waliisukuma kwa mikono, wakikimbia mpaka ishike kasi, kisha wanarukia pembeni. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama hicho, na Jumamosi yangu ilikuwa inakaribia. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili.

Tulifika Kiwira saa nane mchana. Kulikuwa na baridi ile ya Julai, ukungu umeshuka nusu ya mlima, lakini uwanja ulijaa watu hadi kwenye magoli. Tulisubiri zamu. Watoto walipanda, wachimbaji wa makaa ya mawe walipanda, bibi mmoja alipanda na kuku wake kwapani. Zamu yetu ilipofika vijana walikuwa wanatuhimiza tukae haraka, na mimi nilikuwa nacheka na kugeuka kuzungumza na nesi aliyekaa kiti cha nyuma yangu. Sikutazama mbele. Bembea ikaondoka, ikashika kasi, nikafumba macho, nikapiga yowe ambalo sidhani kama nimewahi kulipiga tangu nizaliwe.

Nilipofumbua macho, nilikuwa naitazama kola.

Fundi hamtazami mtu kwanza, anatazama mshono. Niliiona kola ya sufu ya kijivu, nikaona kazi ya mtu anayejua, halafu nikaona mshono wa kuhamishwa mara mbili, na nikaukamata mnyororo kwa mikono miwili. Kola ile niliijua. Niliishona mimi. Na kwenye kiti cha mbele yangu, umbali wa mkono mmoja, akiwa ameshika kofia yake mapajani isipeperuke, alikuwa ameketi baba mkwe wangu, mzee wa kanisa, ambaye nyumbani tulijua amekwenda Kiwira kununua jembe.

Kushuka nisingeweza. Kugeuka nilipaswa. Nilivuta khanga kichwani nikainamisha uso kama inavyotakiwa, na nilikaa hivyo labda nusu mzunguko. Kisha nikalifunua jicho moja. Mungu anisamehe, nilifunua na la pili.

Bega la kushoto lilikuwa limeshuka. Halikushuka kidogo, lilishuka upana wa vidole viwili kamili, na koti langu, lililokatwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega mawili ya kulia, lilikuwa linaning'inia upande ule na kutupa vikunjo vitatu kuelekea kwapani. Vitatu. Nilivihesabu. Kila kitu kilijieleza hapo hapo. Mama alikuwa amepima sawasawa, kamba ilikuwa kweli, na mwerevu aliyesema nitazidisha mara mbili ndiye aliyeharibu. Mume wangu naye alizaliwa akalikuta bega hilo, angelionaje kuwa limeshuka? Nilimpima baba mkwe kwa macho kuanzia shingoni hadi kiunoni, mzunguko baada ya mzunguko, na nilitamani bembea isisimame.

Ilisimama. Kabla haijasimama kabisa mzee akakohoa, kikavu, mara mbili, bila kugeuza kichwa. Kumbe alijua. Yowe langu ndilo lililonichongea. Sauti yangu alikuwa ameisikia ng'ambo ya ua miaka kumi na mmoja. Nikageuza uso upande, nikasikia fimbo yake ikienda zake katikati ya watu. Nesi alinikuta bado nimekaa kitini, vijana wananiomba nishuke, akafikiri nina kizunguzungu.

Njia nzima ya kurudi niliogopa, lakini si kwa sababu ya bembea. Kwamba tulipanda bembea moja ilikuwa ajali, na ajali ina msamaha. Tena yeye mwenyewe alikuwa na jembe la kulieleza. Tatizo lilikuwa koti. Nikilirekebisha bega, nimekiri kwamba nilimtazama, na tena kwa makini, kama fundi anavyomtazama mteja. Mke wa mtoto amemkagua baba mkwe wake mgongo. Wazee wangeweza kuitwa kwa neno hilo, na ningekuwa mkwe asiye na adabu mpaka mwisho wa maisha yangu pale. Nisipolirekebisha, nitaishi nikijua ugonjwa na dawa ninayo mkononi, na mzee ataendelea kwenda kanisani na viwiko nje.

Siku mbili sikushona kitu cha maana. Siku ya tatu hasira zikanishika, hasira za kazi, na nikaenda kumwomba mama mkwe koti. Alilileta. Nilifumua bega la kushoto pamoja na mkono wake, nikakata pedi ya kuinulia bega kwenye kipande cha blanketi, tabaka tatu, nyembamba shingoni na nene ncha ya bega. Nikairudisha bitana, nikapanga upya kwapa. Sikuhitaji kamba. Vidole vilikuwa vinakumbuka. Nilipolipiga pasi ya mkaa na kulitundika kwenye msumari, lilionekana bovu kweli, limepinda upande mmoja, na mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Niliwaacha wacheke. Niliwaambia koti halijashonwa kwa ajili ya msumari.

Jioni nikalikabidhi, nikaingia jikoni, nikakaa kumenya ndizi huku nasikiliza. Kisha mama mkwe akaja. Aliketi juu ya kigoda, akachukua kisu akamenya ndizi mbili.

"Umeliona bega lake," alisema mwishowe. Hakuwa anauliza.

"Nimeliona, mama."

"Wapi?"

"Kiwira. Kwenye bembea."

Mama mkwe aliweka kisu chini. Nilidhani anajiandaa kunisema. Kumbe alikuwa anajiandaa kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Kumbe alipanda," alisema. "Mimi aliniambia alitazama tu."

Halafu akanieleza mambo ambayo hakuwahi kunieleza, kwa sababu kwetu mkwe haelezwi umbo la baba mkwe wake. Bega liliangukiwa na gogo, ujanani, alipokuwa akichimba dhahabu Chunya, na tangu hapo halikurudi. Koti alilipenda tangu siku ya kwanza. Lakini Pasaka ile, mlangoni mwa kanisa, aliwasikia watu wakiulizana nani ameshona, na wakacheka, na yeye akarudi nyumbani akalitundika. Alisema hataki mkwe wake achekwe kwa sababu ya bega lake. Tangu siku hiyo akawa analivaa sehemu za mbali tu, mahali ambapo hakuna anayejua kwamba fundi wake ni mimi.

"Sehemu gani za mbali?" niliuliza, maana mzee nilijua haendi kutembea kokote.

Mama akacheka tena. Akasema mzee aliposikia kwamba mimi nakwenda ziwani kukaa tu, alinuna mwezi mzima. Mwezi wa pili akasema kama msichana yule anachoka, yeye aliyemzidi umri amechoka zaidi. Akaanza na yeye. Kila mwezi siku moja: mara anakwenda kununua chumvi, mara kuuliza bei ya mbolea, mara jembe. Mama alikuwa amehesabu majembe manne ambayo hayakufika nyumbani.

Sijui kama niliwahi kupewa sifa kubwa kuliko hiyo, na hakuna aliyenipa kwa kusudi. Nilikaa pale na ndizi mkononi, nikasahau kuimenya.

Mama aliinuka. Mlangoni akageuka, kama mtu aliyekuwa amesahau ujumbe wenyewe. "Baba yako anauliza, mwezi ujao utapumzikia wapi?"

Nilimwambia kwamba bembea inahamia Tukuyu, uwanjani, na Jumamosi ya kwanza nitakuwepo.

Kati ya hapo mzee alilivaa koti kanisani, na Jumatatu yake pale kibarazani hakuna aliyecheka. Fundi mmoja tu ndiye aliyeinama kwenye cherehani yake na kuuliza, kwa sauti ya chini, pedi nilitumia kitambaa gani. Sikumwambia. Lakini kuambiwa ni kuambiwa. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaona.

Jumamosi ile tulisimama na nesi pembeni mwa duara. Sikutaka kupanda. Mvua ya rasharasha ilikuwa imepita na viti vilikuwa vimelowa, vijana wakawa wanavifuta kwa gunia. Nilimwona akija kutoka upande wa barabara, kofia, fimbo, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote vitatu. Miguu yangu ilitaka kukimbia kwa mazoea. Nikajitanda khanga kichwani, kama ilivyo heshima, na macho nikayaacha nje.

Alimpa kijana mmoja fimbo amshikie. Alipanda kiti peke yake, hakujifunga mnyororo ili usikunje kitambaa, akaweka mikono yote miwili magotini na kunyoosha mgongo kama anayepigwa picha. Wakaisukuma taratibu, kwa sababu ya umri wake. Akapita mbele yangu na nikaona kifua, kola imelala, vifungo vimenyooka. Akazunguka, nikaona mgongo wote, mpana, bila kikunjo hata kimoja. Akazunguka tena, na nikaliona bega la kushoto. Lilikuwa sawa na la kulia. Nesi alikuwa ananisemesha jambo, sijui alisema nini.

Miaka kumi na mmoja mzee yule alikuwa akikohoa ili nimpishe. Siku ile alipita mbele yangu mara tano, polepole, nikaikagua kazi yangu kila upande, na hakukohoa hata mara moja.